Dirisha Fiche Lamficha Mtu kwa Nani?

Imeenea dhana miongoni mwa watumiaji wa intaneti, wakubwa kwa wadogo, kwamba mtu akishafungua dirisha fiche katika simu au kompyuta, basi amejifunika gubigubi, na hapana ajuaye alikokwenda wala alichokisoma. Dhana hii si sahihi. Tunaona ni wajibu wetu kuwatanabahisha wasomaji, kwani wapo wanaoitegemea katika mambo mazito: maradhi wasiyotaka yajulikane, madeni, migogoro ya ndoa, na hata malalamiko dhidi ya waajiri wao.

Kivinjari, yaani ile programu tunayofungulia kurasa za intaneti, kwa desturi yake huweka kumbukumbu: anwani za kurasa zilizotembelewa, maneno yaliyojazwa katika fomu, na vidakuzi, navyo ni vijifaili ambavyo tovuti huviacha katika chombo chako ili ikutambue utakaporudi. Miongoni mwa vivinjari mashuhuri, Safari ya Apple ndiyo iliyotangulia kuleta njia ya kutoweka kumbukumbu hizo, mwaka 2005. Ikafuata Chrome ya Google mwaka 2008, kisha Internet Explorer na Firefox mwaka 2009. Leo katika Chrome na Edge mtu hubonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja, na katika Firefox hubonyeza Ctrl, Shift na P.

Kinachofutika ni kipi, basi? Ni kumbukumbu iliyomo ndani ya chombo chenyewe, nayo hufutika pale tu madirisha yote ya namna hiyo yanapofungwa. Atakayekishika chombo baada yako hatazikuta kurasa zako katika orodha. Lakini faili uliyoipakua inabaki pale pale, na walioko njiani hawakuzibwa macho hata kidogo. Kampuni ya simu inayokupa intaneti, ambayo jina lako inalo tangu siku uliposajili laini, kwa kawaida huweza kujua umekwenda tovuti ipi, ijapokuwa tovuti nyingi siku hizi husimba mawasiliano hata isiweze kuona ulichokisoma humo. Mwajiri mwenye mtandao wa ofisi naye ni hivyo hivyo, na kompyuta ikiwa ni yake aweza kuona zaidi ya hayo. Ama mtu akiingia katika akaunti kwa jina lake, huyo amejitambulisha mwenyewe. Dirisha lina kosa gani?

Wala tusidhani kwamba wanaokosea ni wasiosoma. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzao wa Hannover, Ujerumani, waliwachunguza watu 460 baada ya kuwasomesha maelezo ya vivinjari vyenyewe. Zaidi ya nusu waliamini kwamba wanayoyatafuta hayatahifadhiwa hata wakiwa wameingia katika akaunti zao za Google. Ikiwa msomaji amesoma maelezo na akatoka na fahamu iliyopinda, basi sisi tunawalaumu walioyaandika maelezo hayo, wakachora na picha ya kofia na miwani mfano wa jasusi.

Lawama hiyo ilifika mahakamani. Juni 2020 watumiaji waliishitaki Google huko California, wakidai kwamba iliendelea kukusanya habari zao katika dirisha fiche kupitia nyenzo zake za matangazo na takwimu zilizopachikwa katika tovuti za wengine. Google ilikanusha. Katika makubaliano yaliyowasilishwa mahakamani Aprili 2024, ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu na kuyarekebisha maelezo yake. Fidia kwa wadai wote haikutolewa. Waliachiwa haki ya kudai mmoja mmoja.

Ni haki kusema pia kwamba vivinjari havilingani. Firefox tangu mwaka 2015 huzuia wafuatiliaji wengi katika dirisha lake la faragha, na Brave kwenye kompyuta ina dirisha linalopitisha mawasiliano katika mtandao wa Tor, jambo linaloficha anwani yako kwa tovuti unayoiendea. Hayo ni zaidi ya kufuta orodha.

Dirisha hili lina mahali pake. Anayetumia kompyuta ya mgahawa wa intaneti, au simu ya kuazima, na alifungue. Akimaliza atoke katika akaunti yake na kufunga madirisha yote. Lakini asifanye humo mambo ya benki, kwani mwenye mashine akiwa ametega programu ya kunasa kila herufi inayobonyezwa, dirisha halitamwokoa. (Na kanuni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wenye migahawa hiyo kuweka kamera, hivyo kuna jicho juu ya kichwa pia.) Mzazi naye asiridhike kwa kuikuta orodha ya kurasa ni tupu katika simu ya mwanawe, utupu huo hauthibitishi lolote. Na aliye na malalamiko dhidi ya mwajiri wake asiyaandike kwa kompyuta ya ofisi, dirisha liwe fiche au wazi: atumie simu yake mwenyewe, kwa bando lake, akiwa amezima waifai ya pale kazini.