MSHAHARA ULIO SIMUNI



Wazee wetu wa relwe walipokea mshahara dirishani, na mwizi aliwangojea njiani. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007 fedha zakaa simuni, na mwizi naye kahamia huko. Hapa Nakuru, na Gilgil na Molo vilevile, twamsikia zaidi mwisho wa mwezi. Siku ya mshahara aijua kuliko karani.

Ujanja wake ni huu. Wapata taarifa kwamba umepokea shilingi 3,000, mara mtu apiga simu akilia, “Ndugu, nimekosea namba, nirudishie, mtoto yu mgonjwa.” Huruma ni njema, lakini tazama salio lako kwanza. Taarifa ya kweli hutoka kwa jina MPESA, si kwa namba ya mtu. Hata kama fedha zimeingia kweli, usizirudishe mwenyewe: aliyekosea na apeleke taarifa yake kwa 456, kampuni ishughulike.

Wengine hujifanya watu wa Safaricom. Anayekuuliza namba ya siri ni mwizi, hata akijua majina yako yote matatu.

Na sisi wenyewe je? Michango ya matanga yatumwa kwa simu ya mtu mmoja. Hatumshuku mtu, lakini simu hiyo ikiibwa, mjane atapata nini? Twataka kila tawi liwe na Paybill yake, na mweka hazina asome hesabu mkutanoni kila mwezi.