Watoto wetu wachezee wapi?

Jumamosi iliyopita mpira ulivunja dirisha la jirani yangu wa ghorofa ya kwanza na kumwaga chai aliyokuwa amejitengea. Mama huyo alifoka kwelikweli, na wavulana wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Niliwakuta nyuma ya tangi la maji nikawauliza kwa nini hawaendi uwanjani. Mmoja wao alinijibu kwa adabu, lakini bila kucheka: "Mzee, uwanjani siku hizi ni pesa."

Ni kweli, msomaji. Uwanja huo ulikuwa wa vumbi na kila mtu aliutumia bure. Fedha za umma zikaja, ukawekwa nyasi bandia, ukuta na lango. Sasa hukodishwa kwa saa. Wanaoumudu ni watu wazima wenye mishahara, wanaofika jioni kwa magari kupunguza vitambi. Sina ugomvi na vitambi vyao, hata mimi ninacho. Lakini muuza mboga naye hulipa kodi kila anaponunua sabuni, na mwanawe sasa anauchungulia uwanja huo kupitia tundu la ukuta.

Tunapogombania fedha za michezo, aghalabu tunagombania viwanja vikubwa. Kasarani ilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Ule wa Talanta, wa mashabiki 60,000, ulianza kujengwa 2024 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mimi pia huishangilia Harambee Stars mpaka sauti ikanikauka. Hata hivyo, mtoto wa Pipeline hawezi kwenda Kasarani kucheza kidogo kabla ya chakula cha jioni. Waliojenga Kaloleni katika miaka ya 1940 waliacha nafasi kati ya nyumba, wakaongeza na ukumbi wa kijamii. Hao walikuwa wakoloni, ambao hakuna awezaye kuwasingizia kwamba walitupenda! Pipeline tumeijenga wenyewe, na fleti zimebanana hata jua hupita kwa shida.

Na wasichana je? Kila uwanja ukitengenezwa, hutengenezewa kandanda, kisha tunasema wasichana hawapendi michezo. Uwanja wa mpira wa pete una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Katika eneo la uwanja mmoja wa kandanda wa mita 105 kwa 68, viwanja zaidi ya 10 vya mpira wa pete vingeenea. Binti yangu hurusha mpira kwenye ndoo iliyofungwa juu ya mlingoti wa kamba za nguo, na hulazimika kungoja nguo zikauke.

Katiba ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti viwanja vya michezo vya mitaani, na kifungu cha 201 kinataka fedha za umma zitumike kwa usawa na wananchi washirikishwe. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo nimeihudhuria mara moja tu, nakiri kwa aibu, na niliondoka kabla ya soda.

Jirani yangu wa dirisha anasema mwaka huu hatakosa. Nilidhani angedai wavulana wafukuzwe plotini. Kumbe ameandika madai yake nyuma ya daftari la madeni ya duka lake: uwanja uwe bure kwa watoto kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, nguzo mbili za mpira wa pete, na choo chenye mlango unaofungika. Kioo hajanunua bado. Ameziba dirisha kwa kipande cha katoni, na wavulana wamemchangia shilingi 70.