Mtoto wa rufaa aende na anayemjua

Jambo hili hutokea mara kwa mara katika wodi yetu ya watoto. Daktari anamwona mtoto, anagundua kwamba ugonjwa wake umepita uwezo wa hospitali yetu ya huku milimani, anaandika barua ya rufaa kwenda Bugando kule Mwanza, au Muhimbili kule Dar es Salaam. Hapo wazee wa ukoo wanaketi. Swali la kwanza ni fedha. Swali la pili ni hili: nani anaufahamu mji? Na jibu aghalabu ni baba mdogo fulani aliyewahi kufanya biashara huko, au mjomba aliyepata kuwa mlinzi Kariakoo. Huyo ndiye anayekabidhiwa mtoto, barua na nauli. Mama anabaki Kasulu au Kibondo na maharage yake shambani.

Mimi nasema tunakosea. Nasema hivyo nikiwa mmoja wa waliokosea, maana kwa miaka mingi nilikuwa nikiwashauri ndugu wa wagonjwa watafute mwenyeji wa mji. Nilidhani hatari kubwa ya safari ni kupotea njia na kuibiwa. Ilinichukua muda kutambua kwamba mtoto anaweza kufika mjini salama salimini, akalala pazuri, akaonwa na daktari bingwa, na bado safari yote ikawa ya bure.

Kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 7 mwenye kifafa. Alikuwa akimeza vidonge vya fenobabito kila jioni, na mama yake hakukosa hata siku moja kumpa. Hata hivyo degedege liliendelea kumwangusha, tena namna yake ilikuwa imebadilika, ndipo daktari akaandika rufaa. Baba mdogo wa mtoto akaja kwangu kuchukua barua. Nikamuuliza, "Mama yake je?" Akajibu, "Sista, yule hajawahi kuvuka hata Nyakanazi. Atapotea yeye na mtoto. Mimi huko ni kwetu." Nikaona maneno yake ni ya busara. Nikampa barua.

Vidonge vya mtoto vilikuwa katika begi kubwa, na begi likawekwa chini katika buti la basi. Jioni ya kwanza hakumeza. Ya pili pia hakumeza, kwa sababu baba mdogo aliwaza kwamba sasa wanakwenda kwa madaktari wakubwa, basi dawa za kijijini zimekwisha kazi. Dawa za kifafa zikikatishwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu zaidi. Mtoto alianguka ndani ya gari. Abiria wa karibu walihama viti wakiogopa mate yake, na mmoja aliyetaka kusaidia akamsukumia kijiko mdomoni hata akamvunja jino.

Huko mjini walipokelewa vizuri. Daktari akauliza: alianza lini? Baba mdogo akasema mwaka huu. Ilikuwa ni mwaka wa tatu. Linaanzia upande gani wa mwili? Hajui. Macho yanageukia wapi? Linakuja akiwa macho au usingizini? Je, alipozaliwa alilia mara moja? Anatumia dawa gani? Hajui, hajui, hajui. Kadi ya kliniki ilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku la mama. Daktari akatibu kadiri ya alichoambiwa, na mtoto akarudi akiwa anasinzia mchana kutwa, degedege liko palepale. Miezi michache baadaye ilibidi waende tena, safari hii na mama. Nauli mara mbili kwa rufaa moja, na ukoo ulikuwa umekwisha kuuza ng'ombe.

Ndugu msomaji, kwa ugonjwa kama kifafa hakuna kipimo kinachoweza kuchukua nafasi ya macho ya mtu aliyemwona mtoto akianguka. Hata kile kipimo cha umeme wa ubongo husomwa pamoja na maelezo hayo. Vivyo hivyo kwa mtoto wa moyo: ni mama anayejua kwamba hutoka jasho anaponyonya, na kwamba huchuchumaa akichoka kucheza. Mtoto wa selimundu, ni mama anayejua ameongezewa damu mara ngapi. Mtu wa kwenda si lazima awe mama aliyezaa. Kama mtoto amelelewa na bibi, aende bibi. Kama ni baba anayempa dawa (na wapo, ingawa ni wachache, nawapongeza), basi aende baba.

Najua nitakavyojibiwa. Mama ana wengine wadogo nyumbani, ana mimba, ni msimu wa kupalilia, hajui kusoma. Yote ni kweli na mimi siyapuuzi. Lakini tazameni jumuiya zetu. Msiba ukitokea, daftari la michango linazunguka siku hiyohiyo. Sanda, jeneza na gari vinapatikana kabla jua halijazama. Kwa nini daftari hilo lisizunguke kwa ajili ya nauli ya mama, na majirani wawili wakapalilia shamba lake kwa majuma mawili, na shangazi akalala na watoto? Na yule mwenyeji wa mji bado tunamhitaji sana. Kazi yake iwe kumpokea mama kituoni na kumfikisha hospitali. Siku hizi simu ipo karibu katika kila nyumba.

Kituo chenyewe nacho kimebadilika. Baba wengi wanaojisifu kuijua Dar es Salaam wanaikumbuka Ubungo. Tangu mwaka 2021 mabasi ya mikoani huishia Mbezi Luis, katika stendi ya Magufuli, mbali na katikati ya jiji, na kutoka hapo hadi Muhimbili, Upanga, ni safari nyingine. Wanaokwenda Mwanza wamepata nafuu. Zamani tulisubiri kivuko pale Busisi watoto wakilia kwa jua na kiu. Tangu Juni 2025 gari linapita juu ya daraja lenye urefu wa kama kilomita 3. Kuhusu Bugando, wapo bado wasiojua kwamba ni hospitali ya Maaskofu: ilifunguliwa mwaka 1971, ikatwaliwa na Serikali mwaka uliofuata, na tangu 1985 inaendeshwa na Kanisa kwa makubaliano na Serikali. Nalisema hili kwa sababu mama akijua hivyo huondoka na woga kidogo.

Basi, mama, ukiambiwa ujiandae, anza na daftari. Kama huandiki, mwanao anayesoma shule akuandikie. Ugonjwa ulianza lini, unavyokuja, dawa zote na namna unavyompa, amelazwa mara ngapi na wapi. Daftari hilo, kadi ya kliniki yenye chanjo zake, barua ya rufaa na dawa vikae katika mfuko mmoja, na mfuko huo uwe mapajani mwako. Usiuweke juu ya gari wala katika buti, hata kondakta akikasirika. Dawa iendelee kutolewa kwa saa zilezile mpaka daktari wa huko aseme vinginevyo. Kwa mwenye kifafa, akianguka mlaze ubavu, mlegezee nguo shingoni, usimtie kitu chochote mdomoni, na tazama saa. Likizidi dakika 5 atafutiwe hospitali ya karibu. Na uwaambie abiria wasihame, kifafa hakiambukizi.

Chakula cha njiani ni kile alichokizoea: viazi, mihogo ya kuchemsha, ndizi. Nyama za vijiti zinazouzwa dirishani muwaachie watu wazima wenye matumbo ya chuma. Chukua maji ya kuchemsha na pakiti mbili za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji, na uzichanganye kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Sisi tunaishi zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mama zetu hufunika watoto kwa sweta na kofia hata Januari. Ukifika Dar es Salaam mvue. Nimeona watoto wakirudi na vipele mwili mzima kwa sababu ya sweta la Kibondo lililovaliwa pwani. Mpe maji mara kwa mara bila kusubiri aombe. Chandarua mchukue, lakini mjue kwamba kule kuna mbu mwingine anayeuma mchana na kuleta homa ya dengi, ambayo wengine huiita kidinga popo. Mwaka 2014 na tena 2019 iliwasumbua sana watu wa Dar es Salaam. Mtoto akipata homa mkiwa huko usimpe asprini wala diklofenaki. Mpe parasetamo na umpeleke kupimwa. Wakati huohuo mwambie mganga kwamba mmetoka Kigoma, ambako malaria ni nyingi, asije akaisahau.

Barabarani mshike mtoto kifundo cha mkono, maana kiganja chenye jasho huteleza. Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo tazama kulia kwanza. Nawakumbusha hasa wale walioishi Burundi, ambako ni kinyume chake.

Mtoto wetu akipotea hulia kwa Kiha, na watu wa mjini hawamwelewi. Kabla ya safari mfundishe kusema kwa Kiswahili jina lake, jina la baba na neno Kasulu au Kibondo. Namba ya simu ishonee ndani ya nguo yake. Akipotea, piga 116, simu ya watoto isiyo na malipo, na nenda kituo cha polisi ukaulize Dawati la Jinsia na Watoto.

Kuhusu malipo, usiondoke hospitalini usiku kwa kuogopa deni. Hospitali kubwa zina ofisa wa ustawi wa jamii. Uliza ofisi yake mapema, siku ya kwanza kama inawezekana, umweleze hali yako bila kuona haya. Ukija na barua ya serikali ya kijiji itakusaidia, hivyo ifuateni kabla ya kuondoka.

Na mkirudi, piteni kwetu hospitalini kabla ya kwenda nyumbani, hata kama mmechoka na basi limewashusha usiku. Leteni karatasi ya kuruhusiwa na vidonge vyenyewe. Baadhi ya dawa hizo hazipatikani katika maduka ya Kasulu, na sisi tunahitaji majuma kadhaa kuziagiza kabla hazijamwishia mtoto.