Zabibu za Kwao Ndizo Zinawabeba Waitaliano, Za Wageni Ziliwafungulia Mlango Tu

Mjini hapa mtu akitaka watu wajue anakula bata, anaposti meza yenye chupa ya mvinyo wa Italia. Glasi imo, sura imo, lebo imegeuzwa isomeke. Ukimuuliza humo ndani kuna zabibu gani, kimya. Wala hajui kwamba huko Italia swali hilohilo limegombanisha baba na mwana, na kuna watu limewafikisha mpaka kwa waendesha mashtaka.

Iko hivi. Italia ina zaidi ya aina 350 za zabibu za mvinyo zilizoruhusiwa rasmi. Nyingi ni za kwao wenyewe: Sangiovese ya Toscana, Nebbiolo ya Piemonte, Aglianico ya kusini, Nerello Mascalese ya kwenye mlima wa volkano wa Etna. Upande wa pili kuna mastaa wa dunia wenye asili ya Ufaransa: Cabernet Sauvignon, Merlot, Chardonnay. Hawa unawakuta kila nchi, kama ngoma inayopigwa kila klabu.

Sasa sikia kisa. Mwaka 1978 kijana wa familia moja kubwa ya mvinyo kule Barbaresco, jina kapuni, alipanda Cabernet kwenye ardhi nzuri kabisa ya Nebbiolo. Dingi kila akipita anaguna neno moja la kilugha chao: darmagi, yaani "inasikitisha". Dogo hakubishana. Alichukua neno hilohilo akalibandika kwenye chupa, na mpaka leo mvinyo huo unaitwa Darmagi na bei yake si mchezo.

Wanaosema zabibu za kigeni ziliharibu Italia wana hoja, ila wanaruka sehemu moja ya stori. Miaka ile sheria zenyewe zilikuwa kituko. Kanuni za Chianti za mwaka 1967 zilimlazimisha mzalishaji kuchanganya zabibu nyeupe, asilimia 10 hadi 30, kwenye mvinyo mwekundu. Mkulima mwenye Sangiovese nzuri alilazimishwa kuizimua. Wakati huohuo bwana mmoja wa ukoo wa kitajiri, huko Bolgheri karibu na bahari, alikuwa na Cabernet yake aliyoipanda miaka ya 1940 kwa ajili ya kunywa nyumbani. Ikaja kuingia sokoni kwa jina la Sassicaia, daraja la mvinyo wa kawaida wa mezani kwa sababu haikufuata kanuni yoyote. Mwaka 1978, kwenye shindano la kuonja Cabernet za nchi mbalimbali kule London, ikaibuka kidedea. Serikali ikabaki na aibu: mvinyo wa daraja la chini unauzwa ghali kuliko wenye vyeo. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Kwa hiyo mgeni alisaidia. Alifungua mlango, akawaonyesha wenyeji kwamba dunia iko tayari kulipa hela ndefu. Hilo apewe maua yake.

Tatizo lilianza mgeni alipovishwa nguo za mwenyeji. Brunello di Montalcino kisheria ni Sangiovese asilimia 100, hakuna mjadala. Mwaka 2008 ukaanza uchunguzi: baadhi ya wazalishaji walituhumiwa kuongeza zabibu nyingine kimyakimya ili mvinyo uwe na rangi nzito na ladha laini inayopendwa na wateja wa nje. Marekani ikatishia kuzuia mzigo. Noma ilikuwa hapo: mteja analipia jina la Montalcino, halafu anauziwa ladha anayoweza kuipata popote. Oktoba mwaka huohuo wazalishaji wakapiga kura, na wengi wakasema Sangiovese ibaki peke yake. Mwaka 2011 likaja pendekezo la kulegeza kanuni za mdogo wake, Rosso di Montalcino. Nalo likapigwa chini.

Walifanya sawa kabisa. Kuchanganya si dhambi, maana Darmagi na Sassicaia hazijawahi kumdanganya mtu. Dhambi ni kuficha. Na kibiashara ni kujichimbia kaburi, kwa sababu Merlot ya Italia inapambana na Merlot ya Chile, ya Afrika Kusini na ya Ufaransa yenyewe. Mwenye bei ndogo ndiye anashinda. Ila Nebbiolo ya Barolo inapambana na nani?

Kuna jambo zito zaidi ya hela. Zabibu isipopandwa inapotea. Timorasso, zabibu nyeupe ya milima ya Tortona, ilikuwa imebaki mistari ya kuhesabika kwa sababu ni msumbufu shambani. Mkulima mmoja mbishi akaing'ang'ania miaka ya 1980, wenzake wakimwona kachanganyikiwa. Leo wakubwa wa Barolo ndio wanakwenda kununua mashamba huko. Angesikiliza kelele za mtaa akapanda Chardonnay, leo Timorasso ingekuwa jina tu kwenye makaratasi ya wataalamu.

Mgeni akaribishwe, apewe kiti, na jina lake liandikwe kwenye lebo kwa herufi zinazosomeka. Lakini asikabidhiwe funguo za nyumba. Dunia haiendi Italia kutafuta kitu ambacho kila duka kinacho.

Wewe mdau uko upande gani, wa dingi au wa dogo? Dondosha komenti hapo chini. Na ukiposti chupa wikiendi hii, angalau taja zabibu.