Ukungu wa almasi: Si kila jiwe lenye utando ni la kutupa

Katika biashara ya almasi mkoani Shinyanga, neno moja linaweza kushusha bei ya jiwe hata kabla halijawekwa kwenye mizani. Neno hilo ni ukungu. Mnunuzi akishatamka kwamba jiwe lina ukungu, mchimbaji mdogo aliyeshinda juani akichekecha kokoto huwa hana la kujibu.

Tatizo ni kwamba ukungu si kitu kimoja. Unatokana na sababu kadhaa. Nyingine ziko juu ya jiwe na zinaondoka, nyingine ziko ndani na haziondoki. Asiyejua tofauti hiyo huuza jiwe zuri kwa bei ya jiwe bovu, au huling'ang'ania jiwe ambalo bei yake haitapanda kamwe.

Ukungu wa nje

Almasi ghafi haifanani na ile ya dukani. Ikiwa njiani kupanda juu ndani ya mwamba wa kimbalaiti, uso wake huliwa na gesi na vimiminika vyenye joto kali. Nyingine husombwa na maji na kugongana na kokoto kwa miaka isiyohesabika. Uso hubaki na mikwaruzo midogo inayotawanya mwanga, jiwe likaonekana kama kioo cha dirisha la bafuni. Ndani yake linaweza kuwa safi kabisa. Ndiyo maana wakataji hung'arisha kwanza sehemu ndogo ya jiwe, wakafungua dirisha la kuchungulia ndani kabla ya kuamua thamani.

Sababu ya pili ni mafuta. Almasi hunata kwenye grisi, na migodi imeitumia tabia hiyo kwa miaka mingi kwa kupitisha maji na mchanga juu ya meza zilizopakwa grisi ili almasi zinase. Kwa tabia hiyo hiyo, jiwe linaloshikwashikwa na vidole hupata utando haraka. Maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini hutosha kuuondoa.

Sababu ya tatu huletwa na binadamu. Almasi ni kaboni, hivyo ikipata joto kali mbele ya hewa uso wake huungua na kuwa mweupe kama chaki. Fundi anayetengeneza pete bila kulikinga jiwe na moto anaweza kuliharibu kwa dakika chache. Dawa yake ni kuling'arisha upya, na jiwe hupungua uzito.

Ukungu wa ndani

Hapa ndipo hasara ya kweli ilipo. Almasi nyingi ziliumbika kina cha kilometa 150 au zaidi chini ya ardhi, kwenye joto linalozidi nyuzi 900. Zikiwa zinakua zilifunika chembechembe za madini mengine au vitone vya kimiminika. Kitone kimoja hakina madhara makubwa. Vikikusanyika maelfu, vingine vikiwa vidogo kiasi cha kutoonekana hata kwa lenzi ya kawaida, hutawanya mwanga na jiwe likawa kama maji yaliyotiwa maziwa.

Sababu nyingine ni nyufa ndogo, pamoja na mistari iliyobaki pale jiwe lilipopindwa na mgandamizo wa ardhi. Zipo pia almasi zilizokua kwa nyuzinyuzi zenye vitone vingi vya kimiminika, mfano zile zinazopatikana kwa wingi Mbuji-Mayi nchini Kongo. Nyingi za huko huishia viwandani kusaga na kukata vyuma.

Kuhusu almasi zinazotoa mwanga wa buluu chini ya taa ya urujuanimno, wengi huzilaumu bila sababu. Ni chache tu, tena zile zenye mwanga huo kwa nguvu sana, zinazoonekana kuwa na utando.

Nani anapoteza?

Uzito wa fedha zinazohusika unaonekana Mwadui, mgodi uliogunduliwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Mwaka 2021 jiwe la waridi la karati 32.32 kutoka mgodi huo liliuzwa likiwa ghafi kwa dola milioni 13.8 za Marekani. Lilipokatwa likabaki karati 11.15, na Oktoba 2022 liliuzwa mnadani Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57. Rangi ndiyo iliyolibeba, lakini jiwe hilo halikuwa na doa ndani.

Anayepoteza si mchimbaji peke yake. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, mrabaha wa almasi ghafi ni asilimia 6 ya thamani. Jiwe likithaminiwa chini, Serikali nayo hupunjwa. Ikumbukwe kuwa Septemba mwaka huo Serikali ilizuia uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mzigo wa karati zaidi ya 71,000, ikidai thamani iliyoandikwa ilikuwa ndogo mno. Kampuni husika ilikanusha. Mvutano huo ulionyesha jinsi macho ya mthamini yanavyobeba mapato ya nchi.

Sasa hali ni ngumu zaidi, kwani almasi za maabara zimeshusha bei. Mnunuzi anayeweza kupata jiwe safi la maabara kwa bei nafuu hana haraka ya kununua la asili lenye maziwa ndani.

Kwa hiyo mchimbaji anapaswa kufanya mambo matatu kabla ya kukubali bei. Kwanza, alisafishe jiwe. Pili, alitazame kwa lenzi inayokuza mara 10, mwanga ukitokea pembeni. Ukungu ukiwa juu ya uso tu, asikubali limalizike kama jiwe bovu. Tatu, alipeleke kwa mthamini kwenye masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019, na amuulize swali moja: ukungu huu uko nje au ndani? Jibu la swali hilo ndilo lenye bei.