Mgeni wa Ziwa Victoria

Zamani Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina za samaki wadogo waitwao fulu. Wengine walikula mwani, wengine mabaki yaozayo chini, wakasaidia kuyasafisha maji. Katika miaka ya 1950 alitiwa humo sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala fulu hata aina nyingi zikatoweka. Tena mbuta ana mafuta, hakauki juani upesi kama fulu. Basi miti ikakatwa ili akaushwe kwa moshi, na udongo ukateremka ziwani. Fedha za mbuta zimelisha nyumba nyingi, si uongo. Lakini atakaye kutia kiumbe kigeni majini na aulize kwanza: huyu atakula nini, naye aliwaye alikuwa na kazi gani?