Mti Haunyweshwi kwa Kikombe

Msomaji mmoja ameniletea swali ambalo naamini ni swali la wengi. Yeye ni karani mjini Nairobi, na shamba lake liko Makueni. Alipanda miche ya miembe na michungwa mwezi wa Novemba, mvua za vuli zilipoanza, nayo ikashika vizuri. Sasa kiangazi kimeingia, jua lachoma tangu asubuhi, na mvua za masika hazitazamiwi kabla ya mwisho wa Machi. Naye huenda nyumbani mara moja tu kwa juma. Auliza, "Nifanye nini ili miti yangu isife?"

Kabla sijamjibu, yanipasa kukiri kosa langu mwenyewe, kwa kuwa mimi pia nilikuwa karani, na miti yangu ilikufa.

Mwaka huo nilipanda miche 14 ya michungwa. Nilimwachia kazi mtoto wa ndugu yangu, kijana wa shule, nikamwagiza achote debe moja kila siku na kuigawia miche yote. Kila mche ulipata vikombe vitatu hivi vya bati, tena saa 6 mchana, kwa kuwa saa hiyo ndiyo aliyorudi kula. Kufika mwisho wa Februari miche 9 ilikuwa imekauka. Nilimkemea sana kijana yule. Nilimwambia kuwa ni mvivu, na kwamba hakika alikuwa akimwaga maji njiani ili apate kwenda kucheza.

Mama mmoja mjane, jirani yetu, alinisikia. Hakunijibu neno. Alichukua jembe akaung'oa mche mmoja uliokufa, akanionyesha shimo. Udongo wa juu ulikuwa na unyevu kiasi cha vidole viwili. Chini yake ulikuwa mkavu kama unga. Na mizizi ya mche, badala ya kushuka, ilikuwa imepinda na kupanda juu kuyafuata yale maji machache, ikaunguzwa huko na jua. Kijana alikuwa amechota kila siku kama alivyoagizwa. Agizo langu ndilo lililokuwa baya.

Kisha mama yule akanipeleka kwake. Alikuwa na miti 8, yote mibichi. Nilipomwuliza hutumia maji kiasi gani, alisema madebe manne kwa juma. Nikapiga hesabu palepale. Debe ni lita 20. Mimi nilitoa madebe 7 kwa miche 14, yeye alitoa madebe 4 kwa miti 8. Kwake na kwangu, kila mti ulipata nusu debe kwa juma, wala haukuzidi. Maji yalikuwa sawa, lakini miti yake iliishi na yangu ikafa. Tofauti ilikuwa katika namna ya kuyatoa.

Basi, wasomaji wangu, twasema haba na haba hujaza kibaba, na neno hilo ni kweli katika akiba ya fedha. Lakini kwa mti wakati wa kiangazi si kweli. Udongo mkavu haugawi maji machache mpaka chini. Tabaka la juu hushiba kwanza, na likiisha kushiba ndipo maji yanayozidi huteremka. Ukitia vikombe vitatu, tabaka la juu huyapokea yote, na jua huyachukua kabla ya jioni. Kesho yake waanza upya. Lakini ukitia nusu debe kwa mara moja, maji hupita tabaka hilo yakafika mahali ambapo jua haliwezi kuyafikia upesi, na mizizi huyafuata huko. Mti wenye mizizi mirefu huweza kungoja siku nyingi. Mti uliozoezwa kikombe hauwezi kungoja hata siku tatu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: nywesha kwa nadra, lakini nywesha sana. Mche wa mwaka wa kwanza upewe nusu debe kwa juma, na jua likizidi upewe debe zima. Ikiwa udongo wako ni wa mchanga, hauhifadhi maji mengi, basi gawa kipimo hicho mara mbili, Jumatano na Jumamosi. Ikiwa ni mfinyanzi, mara moja yatosha. Kabla ya kumwaga, fanya kisahani cha udongo kuuzunguka mche, upana wa hatua moja, chenye ukingo wa kuzuia maji yasitiririke. Na mti unapokua, panua kisahani, kwa maana mizizi inyonyayo maji huenea mbali na shina.

Kanuni ya pili ni saa. Mwaga jioni kuanzia saa 11, au alfajiri kabla jua halijapanda. Sehemu ya maji ya saa 6 mchana ni sadaka kwa jua. Tena usidanganywe na majani. Adhuhuri ya joto kali mimea mingi hulegeza majani hata kama udongo una maji, kwa sababu majani hutoa maji upesi kuliko mizizi iwezavyo kuyaleta. Jioni huinuka tena. Utazame mche wako alfajiri. Ukiukuta umelegea saa hiyo, ndipo ujue una kiu ya kweli. Au chomeka kijiti ardhini kiasi cha urefu wa kidole, ukitoe. Kikitoka bila udongo wowote kukishika, wakati wa kunywesha umefika.

Kanuni ya tatu ni kuivika ardhi nguo. Tandaza nyasi kavu, mabua ya mahindi au majani ya migomba, unene wa inchi 4, juu ya kisahani chote. Ardhi iliyo wazi huchomwa na jua na kupukuswa na upepo, na unyevu wake hutoka. Ardhi iliyofunikwa hubaki baridi. Lakini angalia jambo moja: usiyasogeze matandazo mpaka shinani. Acha nafasi ya upana wa kiganja, kwa maana huku kwetu mchwa hupenda nyasi kavu, na wakiisha kuzila hupanda kwenye gome la mti mchanga. Na magugu yote yang'olewe, kwani nayo hunywa, wala hayachoti.

Sasa nitawaambia siri ya mama yule. Kando ya kila mti wake alikuwa amezika mtungi wa udongo wa kuwekea maji, ile mikuukuu iliyovunjika midomo, ambayo wengine huitupa jaani. Mtungi huzikwa mpaka shingoni, hujazwa maji, na kufunikwa kwa kigae au jiwe bapa ili jua lisiyanywe na mbu wasizae ndani yake. Kuta za mtungi usiopakwa rangi wala vanishi zina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Udongo wa nje ukiwa mkavu huyavuta maji polepole kupitia vitundu hivyo. Udongo ukishiba, maji hupunguza kutoka yenyewe. Hivyo mtungi humpa mti maji kwa kadiri ya haja yake, usiku na mchana, hata mwenyewe akiwa Nairobi.

Jambo hili halikuvumbuliwa jana. Wachina waliliandika katika kitabu cha kilimo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakifundisha kuzika vyungu vya maji na kupanda matikiti kuvizunguka. Nasi tusiwe na kisingizio, kwa maana Ukambani kina mama wamefinyanga vyungu tangu zamani. Mtungi wa lita 10 wafaa kwa mche mmoja; uzike kiasi cha urefu wa mkono mmoja kutoka shina. Ila usitumie chungu kilichopikiwa, maana mafuta na masizi yameziba vitundu vyake. Na maji yenye chumvi nyingi huviziba pia baada ya muda. Asiye na mtungi achukue chupa kubwa ya plastiki, aitoboe matundu mawili madogo sana chini, aizike vivyo hivyo. Haitagawa maji kwa akili kama mtungi, lakini itayafikisha chini.

Huenda mtu akauliza, "Na bustani yangu ya sukuma wiki?" Hapo yafaa tuwe wakweli. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Siku ya joto na upepo, tuta la mboga laweza kupoteza milimita 5 au 6. Basi tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 hutaka lita 50 au 60 kwa siku, yaani karibu madebe matatu. Kwa juma ni madebe 20. Yatosha kunywesha miche 40 kwa kipimo cha nusu debe. Mwenye kisima karibu na alime mboga. Lakini ambaye maji yake hutoka katika mto wa mchanga, yakichimbwa kwa kata na kubebwa mgongoni, achague. Afadhali tuta la hatua tatu karibu na jiko, lenye matandazo na kivuli chepesi cha matawi upande wa magharibi. Maji yaliyooshea mboga na nafaka yamwagwe huko. Maji ya kuogea yasiyo na sabuni nyingi yapelekwe kwenye miti, yasimwagiwe mboga za kuliwa mbichi.

Na hili la mwisho nalisema hasa kwa makarani wenzangu. Sisi hukaa mjini tukaandika barua: mwagieni miti yangu kila siku. Twaandika kwa wino, lakini kila neno la barua hiyo hubebwa na mtu mgongoni. Debe la maji lina uzito wa kilo 20, na mara nyingi mwenye kulibeba ni mke, mama, au mtoto aliyetoka shule na njaa. Kwanza wanywe watu, kisha mifugo, kisha miti. Na ukiona maji hayatoshi miche yote, chagua iliyo na nguvu uiache mingine. Miti minane iliyo hai ni shamba. Miche kumi na minne iliyokauka ni kuni.

Kwa hiyo, Bwana Karani, jibu lako ni hili. Kwenda kwako mara moja kwa juma kwatosha. Jumamosi hii nenda na jembe. Fanya visahani, zika mitungi, tandaza nyasi. Kila Jumamosi jioni uijaze mitungi kwa mkono wako mwenyewe, na uchote debe moja au mawili kutoka mtoni ujue uzito wake. Utakuwa umewaondolea watu wa nyumbani safari ya kila siku, na masika yatakapofika utaikuta miti ikiyangojea.

Ama mimi, nilirudi kwa yule kijana nikamwomba radhi. Alicheka tu, akasema alidhani labda michungwa haipendi shule. Mwaka uliofuata tulipanda tena, tukazika mitungi pamoja.